Koti zito au nguo za kupandanisha? Mavazi ya kuendesha baiskeli majira ya baridi

Ukitoka mlangoni na baiskeli yako asubuhi ya baridi kali ukajisikia joto tele kabla hata hujapanda, rudi ndani ukavue kitu kimoja. Aliyevaa sawasawa huanza safari akiwa na ubaridi kidogo: mabega yamejikunyata, vidole vinalalamika, na baada ya dakika kumi hivi mambo yanakaa sawa. Anayeanza na joto huishia kulowa jasho, na jasho hilo ndilo litakalomtetemesha baadaye kuliko theluji yenyewe.

Sababu iko mwilini. Katika nishati yote anayotumia mtu kupiga pedali, takriban robo tu ndiyo inayosukuma baiskeli. Kilichobaki chote ni joto. Anayesukuma kwa nguvu ya wati 150 anazalisha joto la wati 450 hivi, karibu sawa na hita ndogo ya chumbani. Joto hilo lazima lipate pa kutokea. Likizuiwa, jasho linaanza kutiririka, nguo zinalowa, na hewa iliyokuwa imetulia ndani yake ikikukinga inachukuliwa nafasi na maji, ambayo hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Halafu unasimama kwenye taa nyekundu. Mwili unapunguza sana kuzalisha joto, ilhali nguo bado mbichi.

Upande wa pili kuna upepo, hata siku ambayo jani halitikisiki, kwa sababu mwendo wako mwenyewe ni upepo. Kwa fomula wanayotumia watabiri wa hali ya hewa, nyuzi 0 za sentigredi kwenye upepo wa kilomita 20 kwa saa huhisiwa usoni kama nyuzi 5 chini ya sifuri. Nyuzi 10 chini ya sifuri kwa kilomita 30 kwa saa zinakaribia 20 chini ya sifuri.

Mambo haya mawili yalikutana tarehe 5 Juni 1988 katika Giro d'Italia, mbio kubwa za baiskeli za kuzunguka Italia, siku waendeshaji walipovuka mlima Gavia, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, theluji ikianguka. Mholanzi Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza akiwa na jezi ya mikono mifupi. Kupanda hakukumtesa, maana mwili ulikuwa unafanya kazi. Mteremko ndio uliommaliza: pedali hazidai nguvu tena, upepo unaongezeka maradufu, jezi imelowa. Alimaliza siku hiyo akiwa nyuma kwa kama dakika 47. Mmarekani Andy Hampsten, ambaye timu yake ilikuwa imekusanya mavazi ya kuteleza kwenye theluji kabla ya mbio kuanza, alimaliza wa pili na kuvaa jezi ya uongozi.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama kipimajoto jiulize maswali mawili: utapiga pedali kwa nguvu kiasi gani, na utasimama mara ngapi njiani? Majibu yake ndiyo yanayoamua karibu kila kitu hapa chini.

Koti moja zito, au nguo tatu nyepesi

Koti zito ambalo tayari linaning'inia nyuma ya mlango lina sifa ambayo wauza nguo za michezo hawapendi kuitaja: kwa safari fupi linatosha. Mtu anayekwenda kazini robo saa kwa mwendo wa taratibu hatoi jasho la kumsumbua. Huko Oulu, mji wa Ufini unaosifika kwa baiskeli za majira ya baridi, watu wanaenda shule na sokoni juu ya theluji wakiwa na makoti yao ya kila siku. Hakuna vazi maalumu, wala hakuna anayejiona shujaa.

Udhaifu wa koti hilo hujitokeza ukianza kukaza mwendo. Halina hali ya katikati: ama umelifunga na unachemka, ama umelifungua na upepo unaingia mpaka tumboni. Tena limeshonwa kwa mtu aliyesimama. Ukiinamia usukani, mgongo unapanda na kiuno kinabaki wazi. Mikono ikinyooka, vifundo vinatokeza. Kofia yake ya kufunika kichwa nayo hufunika jicho pale unapogeuka kutazama gari linalokuja nyuma.

Nguo za kupandanisha ni tatu: ya ndani ya kuondoa jasho kwenye ngozi, ya kati ya kushika hewa yenye joto, na ya nje ya kuzuia upepo. Watu husifu joto lake, ila mimi ninaloliona la maana ni zipu. Zipu tatu ndefu zinakupa uwezo wa kupunguza joto bila kushuka kwenye baiskeli: kabla ya kupanda kilima unashusha, ukifika juu unapandisha kabla mteremko haujaanza. Fanya hivyo mapema. Ukisubiri mpaka uhisi jasho, umeshachelewa.

Kwa ile ya kati, chagua flisi nyembamba, kile kitambaa laini chenye manyoya-manyoya, badala ya jaketi la manyoya ya bata. Manyoya hushika joto kubwa kwa uzito mdogo kuliko karibu kitu kingine chochote, lakini unyevu wa jasho huyafanya yagandamane na kulala, na yakilala hayana kazi. Mahali pake ni kwenye begi, yakisubiri utakapotoboka tairi na kukaa pembeni mwa njia dakika ishirini huna unachozalisha.

Mimi mpaka wangu ni huu: safari isiyozidi dakika 20, taratibu, vaa koti lako. Zaidi ya hapo, au ukiwa mtu wa kukaza mwendo, pandanisha.

Kinachogusa ngozi

Tuanze kwa kuiondoa pamba. Inanyonya jasho vizuri sana na haitaki kuliachia. Utakuta mtu amejinyima miezi anunue jaketi la maana, halafu ndani amevaa fulana ya pamba ya kila siku; jaketi lile haliwezi kumsaidia, kwa kuwa amejifunga kitambaa kibichi kifuani.

Ubishi wa kweli uko kati ya polyesta na sufu ya kondoo wa merino. Nyuzi za polyesta hazinywi maji, hata asilimia 1 ya uzito wake haifiki, hivyo jasho hutambaa juu yake, hutandaa na kukauka upesi. Ni rahisi kwa bei, inavumilia mashine ya kufulia, na haichaniki ovyo. Kasoro yake kila aliyepanda lifti na mwendesha baiskeli anaijua: baada ya siku moja inanuka.

Merino inafanya kazi kwa njia nyingine. Nyuzi zake ni nyembamba, mara nyingi chini ya mikroni 20 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ndiyo maana haiwashi kama sweta za zamani. Hunyonya mvuke wa jasho hadi kama theluthi ya uzito wake kabla hujaihisi kuwa mbichi, na inaponyonya hutoa joto kidogo. Ukisimama ghafla haikushtui mgongoni. Unaweza kuivaa siku kadhaa mfululizo na bado ukakaa na watu. Kwa upande mwingine, ikilowa chapa inachukua muda kukauka, inatoboka viwikoni na pale mikanda ya begi inaposugua, nondo wanaipenda, na bei yake inauma.

Anayetoka kwa mazoezi makali ya saa moja kisha akarudi nyumbani kuoga, achukue polyesta. Jasho lake ni jingi kuliko uwezo wa sufu. Anayekwenda siku nzima kwa mwendo wa kusimama-simama, au anayefika ofisini na kukaa na nguo ileile, amlipe kondoo. Vipo vitambaa vya mchanganyiko ambavyo hufanya yote mawili kwa kiasi. Angalia pia uzito wa kitambaa: gramu 150 kwa mita ya mraba kwa wanaokaza, 200 hadi 250 kwa wanaokwenda polepole. Na vyovyote iwavyo, iguse ngozi. Fulana inayopwaya haiwezi kufuta jasho isiloligusa.

La nje: kuzuia upepo au kuzuia mvua?

Hapa ndipo watu hutumia fedha nyingi kwa kitu kisichowafaa. Wazo la kawaida ni kwamba jaketi lisilopitisha maji ndilo la juu kabisa, kwa hiyo linafaa wakati wote. Hebu tulitazame.

Jaketi la aina hiyo lina utando wenye vitundu vidogo mno, visivyopitisha tone la maji bali hupitisha mvuke. Ule maarufu, Gore-Tex, ulitokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969 alipovuta ghafla plastiki ya aina ya PTFE iliyopashwa moto. Utando huo kweli unapumua, lakini kwa kiwango chake. Anayepiga pedali kwa bidii huzalisha mvuke mwingi kuliko unavyoweza kupita. Kwenye baridi kavu utaliona jambo hili kwa macho: fungua jaketi baada ya saa moja na utakuta ubavuni kwa ndani kuna ukoko mwembamba mweupe wa barafu. Hilo ni jasho lako lililoshindwa kutoka.

Jaketi la kuzuia upepo tu, hasa lenye kitambaa kizito kifuani na mikononi na chepesi mgongoni, huachia mvuke huo. Upepo unakupiga mbele, mgongo unabaki kuwa dirisha. Kwa siku kavu, kuanzia nyuzi 5 mpaka chini kabisa ya sifuri, hilo linalishinda la mvua bila ubishi.

Ila kuna hali ya hewa ambayo mambo hugeuka, nayo ndiyo ninayoiogopa kuliko theluji: mvua ya nyuzi 2 au 3. Theluji kavu ya nyuzi 5 chini ya sifuri unaikung'uta tu mabegani. Mvua baridi inapenya, inalowesha kila kitu, na upepo unamalizia kazi. Siku hiyo vaa la mvua, ukubali kutoa jasho kidogo, na punguza nguo ya kati. Unapolinunua, tafuta mishono iliyozibwa kwa utepe, zipu za kwapani na mgongo mrefu. Ukiona matone hayabingiriki tena juu ya kitambaa bali yanatanda na kukiweka rangi nyeusi, utando umezibwa kwa nje na haupumui. Lifue kwa sabuni inayofaa, ulikaushe kwa joto dogo kama lebo inaruhusu, na usiweke kabisa kilainisha nguo.

Kama bajeti inaruhusu moja tu la uhakika, nunua la upepo, na la mvua liwe jepesi la kukunja mfukoni. Rangi ichague ya kuonekana, yenye mikanda inayoakisi taa, maana majira haya giza huingia mapema.

Mikono: hapa usibane fedha

Baridi ikizidi, mwili hulinda moyo na ini kwa kubana mishipa ya damu inayokwenda viganjani na nyayoni. Mikono ya mwendesha baiskeli ina balaa juu ya hilo: haina kazi ya kuipa joto, iko mbele kabisa ya upepo, na imeshika chuma. Kisha ndiyo inayovuta breki. Vidole vikifa ganzi, suala si starehe tena.

Machaguo ni manne. Glavu za vidole vitano hukupa wepesi wa gia, breki na funguo, lakini kila kidole kinapigana na baridi peke yake. Glavu za kifuko, zenye vidole vinne pamoja na gumba pembeni, zina joto zaidi kwa kuwa vidole vinapeana, ila breki inakuwa ya kupapasa. Katikati kuna zile zilizogawanywa viwili-viwili kama koleo. Zinatosha joto na bado vidole viwili vinafika kwenye breki. Kwa mtu anayetaka glavu na si kitu kingine, chini ya sifuri hizo ndizo ningempa.

Chaguo la nne halivaliwi. Ni mifuko mikubwa inayofungwa kwenye usukani wenyewe, ikifunika mishikio na breki, nawe unatumbukiza mikono ndani. Waendesha baiskeli za matairi manene huko Alaska hawaendi mbali bila hiyo. Ndani yake unavaa glavu nyembamba, unabadili gia kama kawaida, na vidole vinabaki vyako. Ubaya wake? Haipendezi, tusidanganyane. Inakamata upepo wa pembeni, kutoa mkono kuonyesha unageuka kunachukua nukta ya ziada, na usukani wa kupinda kwa chini unahitaji umbo lake maalumu. Anayejali mwonekano atanuna wiki ya kwanza.

Dukani, usiridhike na glavu kwa kuziona nene. Zivae, kunja ngumi kwa nguvu. Kama kitambaa cha juu kinavutika na ncha za vidole zinagonga mshono, ni ndogo: ukishika usukani itabana damu ileile unayoihitaji, na glavu nyembamba inayopwaya kidogo ingekufaa zaidi. Jaribu pia kuvuta breki kwa kidole kimoja na kushusha zipu ya jaketi. Kama huwezi kushusha zipu, utazivua kila mara, na glavu iliyovuliwa kwenye theluji huvaliwa tena ikiwa baridi.

Jambo jingine linalosahaulika: dawa ya vidole baridi mara nyingi iko kifuani. Ongeza fulana isiyo na mikono chini ya jaketi kabla ya kukimbilia glavu nene zaidi. Kiwiliwili kikiwa na joto la ziada, mwili huachia damu iende mikononi. Na kama breki zako ni za chuma kitupu, zivishe mpira au uzizungushie utepe wa kitambaa.

Nyayo

Viatu vya mbio vinavyojifunga kwenye pedali vimetengenezwa kupitisha hewa, na chini vina kipande cha chuma kinachonyonya joto moja kwa moja kutoka unyayoni. Kuna njia tatu za kutoka hapo. Vifuniko vya neoprini, mpira laini kama wa nguo za wapiga mbizi, juu ya kiatu hufaa kwenye mvua na ubaridi wa wastani, ingawa mguu hutokota jasho ndani yake. Viatu maalumu vya majira ya baridi, vyenye shingo ndefu, ni vizuri na ni ghali. Vinamfaa anayesafiri masaa mengi kila wiki. Ya tatu ni kuacha kujifunga: weka pedali pana na uvae buti za kawaida zenye nafasi. Kwa safari za mjini nachukua hiyo ya tatu bila kusita, kwa sababu ukianguka au ukilazimika kusukuma baiskeli kwenye theluji, una kiatu cha kutembelea.

Soksi mbili nene ndani ya kiatu kinachobana ni mbaya kuliko soksi moja. Kinachotia joto ni hewa iliyomo, na hapo umeifukuza na damu ukaizuia. Ukibanwa na safari ya ghafla, vaa soksi nyembamba, mfuko wa plastiki, kisha soksi nene. Hutapata pongezi ukivua viatu kwa watu, lakini upepo hautapita na soksi ya juu itabaki kavu.

Mapaja na kichwa, kwa haraka

Mapaja yanajitengenezea joto, kwa hiyo taiti moja yenye manyoya kwa ndani inatosha mpaka kwenye sifuri hivi. Chini ya hapo chukua yenye kinga ya upepo kwa mbele, au suruali ndefu ya ndani chini ya suruali ya kawaida. Mwendo wa mjini hautaona tofauti. Magoti yafunikwe mapema, kwa kuwa hayana msuli wa kuyapa joto na ndiyo yanayopasua upepo. Wanaume wana sehemu nyingine inayotaka kitambaa cha kuzuia upepo, na atakayepuuza atakumbushwa akiwa bafuni, joto linaporudi.

Ile habari kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani si kweli. Kichwa hupoteza kwa kadiri ya ukubwa wake, kama asilimia 10. Masikio na paji la uso ndiyo yanayouma. Kofia nyembamba ya kubana chini ya helmeti inaishinda kofia nene ya kufuma, kwani ile nene huinyanyua helmeti ikae juu juu na kukosa kazi siku utakapoihitaji. Shingoni weka kitambaa cha mviringo kuliko skafu yenye ncha za kunasa kwenye gurudumu. Kivute mpaka chini ya pua; ukiifunika pua pumzi itapanda na kuziba miwani kwa ukungu.

Wakati wa kuiacha baiskeli

Utabiri ukisema baridi ya upepo imefika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Hapo hakuna mjadala wa merino na polyesta: ama huachi hata upenyo wa ngozi, ama unapanda basi. Dalili ni ganzi na ngozi kupauka, kuwa ngumu kama nta. Kwenye ngozi nyeusi rangi hubadilika bila kuonekana vizuri, kwa hiyo amini ganzi kuliko kioo. Usisugue. Ingia ndani, tumia maji ya uvuguvugu yasiyochoma, na hisia zisiporudi, nenda hospitali.

Na anayeanza kununua vitu mwaka huu akiwa na fedha kidogo, asianzie na jaketi. Aanze na mifuko ya usukani na fulana ya ndani ya polyesta, atumie buti na suruali alizonazo, aende hivyo mwezi mzima. Wengi wakifika mwisho wa mwezi hugundua kwamba koti la upepo walilokuwa nalo kabatini linawatosha.